MASWALI YENU: Neno likifika kwenye sado

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Meseji za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko nafasi niliyopewa, nimechagua nne, na hata sikuzichagua kwa mpango maalum ila nilivyozipanga mezani nikaona zote zinalia kilio kimoja. Tunalisoma Neno, tunalipenda, tunaliimba kwaya, halafu likitaka kuingia kwenye kitu chenyewe cha mkononi, kipimo cha sokoni, wembe, mpaka wa shamba, hapo tunalisimamisha mlangoni. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

"Bwana Yesu asifiwe mama. Mi nauza maharage na mahindi Kilombero hapa Arusha, mwaka wa sita sasa, na ni mwanakwaya. Sado ninayopimia niliinunua ikiwa imeshabonyezwa kitako, na meza nyingi za jirani zangu ni hivyohivyo. Nikitumia sado nzima bei yangu inaonekana kubwa mteja anahamia meza ya pili. Juzi kwenye jumuiya tulisoma Yakobo, tuwe watendaji wa neno, usiku sikupata usingizi. Mume wangu anasema biashara ni biashara na kanisa ni kanisa, na Januari ada za watoto zinakuja. Nifanyeje?"

Ameni mwanangu. Nianze na huo usingizi. Usiuogope. Wengi tumesikia Yakobo 1:22 mara hamsini tukalala fofofo, wewe umesikia mara moja ukakesha, hiyo ni neema, Neno limekukuta ulipo.

Kwa wasiojua tunaongelea nini, sado ni ile ndoo ndogo ya plastiki iliyokuwa ya rangi, huku kaskazini ndo kipimo chetu cha nafaka. Sasa kuna watu wanaipasha moto chini kitako kikilainika wanakisukuma kwa ndani, kikipoa kinabaki hivyo, kwa juu unaona imejaa mpaka kilima kumbe chini kuna shimo la hewa. Mimi mwenyewe mwaka jana nilinunua maharage ya njano sokoni hapa Moshi, kufika nyumbani nikayamimina kwenye sado yangu ya jikoni hayakufika ukingoni, pakabaki nafasi ya vidole vitatu. Kesho yake nikarudi pale mezani, nikamwomba yule dada niishike ile sado yake, nikaigeuza. Kitako kilikuwa kimeingia ndani ngumi yangu ikakaa humo kabisa. Hatukugombana. Alitazama chini, na juu ya meza yake kulikuwa na Biblia yenye jalada la zipu. Sijamsahau, na nakujibu wewe nikimuwaza na yeye.

Sasa twende kwenye Maandiko, maana watu wanadhani Biblia inaongea mambo ya mbinguni tu, ya sokoni haiyajui. Soma Kumbukumbu la Torati 25 kuanzia mstari wa 13. Mungu anamkataza mtu asiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, wala asiwe na efa mbili nyumbani, kubwa na ndogo. Kwa nini mbili? Kubwa ya kununulia, ndogo ya kuuzia. Hapo nakuomba usiniangalie vibaya, nikuulize, yale mahindi ya Karatu au Babati unayachukua kwa gunia gani? Kama mkulima anajaziwa lumbesa, gunia limevimba na kushonewa kichwa juu, halafu wewe unakuja kuyauza kwa sado iliyobonyezwa, basi ni yaleyale mawe mawili ila yetu ni ya plastiki na ya katani.

Na hiyo efa ilikuwa kipimo cha nafaka kavu, lita kama 22 hivi, kinakaribiana na debe letu. Nabii Amosi sura ya 8 anawakuta wafanyabiashara wanaulizana sabato itaisha saa ngapi wakauze ngano, na anataja kazi yao kwa maneno haya, "mkiipunguza efa na kuiongeza shekeli", shekeli ni uzito wa kupimia fedha. Kuipunguza efa mwanangu! Miaka zaidi ya 2,700 imepita na ni kitako kilekile. Na wale hawakuwa wapagani, walikuwa watu wa ibada, sabato walikuwa wanaishika kweli, duka limefungwa, ila ndani ya ibada akili ilikuwa inapiga hesabu ya Jumatatu. Ndo maana hilo la biashara ni biashara na kanisa ni kanisa siwezi kukubaliana nalo, maana Mungu wa Amosi hakuwakemea kwa kukosa ibada, aliwakemea kwa kipimo.

Haya, ada. Sitakuahidi kwamba ukibadilisha sado wateja watajaa, wapo watakaokuahidi hivyo na mimi siwezi maana sikuona mahali Biblia imesema uaminifu unalipa kila mwezi. Lakini tupige hesabu pamoja. Tuseme sado yako ya sasa inabeba vikombe tisa na unaiuza 9,000, hiyo ni 1,000 kwa kikombe. Sado nzima inabeba kumi, ukiuza 10,000 ni bei ileile, hujapandisha hata shilingi. Mteja anakimbia kwa sababu hajui, basi mfanye ajue. Weka sado mbili juu ya meza, mimina maharage kutoka moja kwenda nyingine mbele ya macho yake aone yanavyopungua, halafu mpe ile nzima mkononi mwambie, dada, igeuze uangalie kitako. Kwa siku za kwanza utachoka kuongea. Na ukiweza jichange ununue mizani, hata ya mkono wa pili, ikaguliwe na Wakala wa Vipimo igongwe stempu, uuze kwa kilo, hapo maneno yanaisha kabisa. Anza na maharage tu, mahindi yafuate, usivuruge mtaji wote wiki moja.

Kuhusu miaka sita iliyopita, Zakayo alisema "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne". Wewe huwezi kuwatafuta wapita njia wote wa Kilombero. Ila wapo wateja wako wa kudumu, yule mama wa mgahawa, yule wa shule, hao unawajua kwa sura na kwa namba ya simu. Hao waongezee. Kama una ujasiri waambie kwa nini, kama bado huna, ongeza kwanza ujasiri utafuata.

Na mumeo usimhubirie. Petro anasema waume wengine huvutwa kwa mwenendo wa wake zao pasipo lile Neno. Mwonyeshe daftari la mauzo kila jioni, lililoshuka na lililopanda, bila kuficha. Mwanaume anaweza kubishana na mahubiri lakini daftari lililo wazi linamkalisha chini.

"Shikamoo mama. Nina saluni ya kiume Majengo, Moshi. Mara tatu nimeanza kusoma Biblia nzima kwa mwaka, kila mara nakwama Walawi mwezi wa pili. Biblia yenyewe iko kwenye simu, nikifungua tu meseji zinaingia, mara nimeangalia mpira, nusu saa imeisha. Najiona kama sijaokoka vile."

Marahaba mwanangu. Kwanza hakuna mahali Yesu amesema mtu anaokoka kwa kumaliza sura 1,189 ndani ya miezi kumi na mbili. Ni utaratibu mzuri, mimi nimeufanya, lakini ni utaratibu wa watu, ukikushinda hujamkosea Mungu.

Halafu wewe ni kinyozi na nimefurahi sana maana kuna kinyozi mwenzio nataka nikuambie habari zake. Alikuwa anaitwa Peter, pale Wittenberg Ujerumani, ndo alikuwa anamnyoa Martin Luther, yule daktari wa theolojia aliyeanzisha Matengenezo ya kanisa. Siku moja akamuuliza, daktari, nisalije? Na Luther, pamoja na shughuli zake zote, akakaa akamwandikia kijitabu kizima, ikatoka 1535. Anamwambia kinyozi mzuri macho na akili vinakuwa kwenye wembe na nywele, anajua amefika wapi, akianza kupiga stori na kuangalia huku na huku anaweza kumkata mtu pua au hata koo, basi na sala inataka moyo wote namna hiyohiyo. Wewe hilo unalijua kuliko mchungaji yeyote. Mteja amekaa, kitambaa shingoni, unashuka na wembe nyuma ya sikio, simu ikilia huishiki. Kumbe uwezo wa kutulia unao! Unao mara ishirini kwa siku.

Njia aliyomfundisha ni kuchukua kipande kidogo, amri moja kwa mfano, na kukisokota nyuzi nne: kinanifundisha nini, nimshukuru Mungu kwa lipi humo, nitubu nini, niombe nini. Tujaribu na wewe. "Usimshuhudie jirani yako uongo." Kinafundisha jina la mtu ni mali yake kama pikipiki yake ilivyo mali yake. Shukrani, wapo watu waliolitetea jina lako ukiwa haupo. Toba, hapo saluni kwako jana mlimsema nani wakati yule wa mwisho ananyolewa? Ombi, Bwana nipe neno la kugeuza maongezi wakianza tena kesho. Dakika tano zimetosha na una kitu cha kwenda nacho mchana kutwa.

Na hilo neno kutafakari kwenye Zaburi ya 1, kwa Kiebrania ni kunong'ona kwa sauti ya chini, neno hilohilo Isaya 31 amelitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Mi napenda zaidi mfano wa kwetu, ng'ombe wa ndani. Unamkatia majani asubuhi, anakula upesiupesi, halafu saa nne ukipita bandani unamkuta amelala anacheua polepole macho nusu yamefumba. Maziwa yanatoka hapo. Wewe umekuwa unakata majani ya mwaka mzima na huna muda wa kucheua.

Kwa hiyo nunua Biblia ya karatasi, ndogo, iweke pale penye mashine na poda. Anza Marko, ina sura 16 tu. Kabla hujafungua mlango soma habari moja, sio sura, habari moja. Walawi utairudia, na ukiirudia anza sura ya 19, utakuta "umpende jirani yako kama nafsi yako" imeandikwa humo, na mizani ya yule mama wa Kilombero pia imo.

Niseme na hili, sikulisema juu maana sikutaka kukutisha. Mwaka huohuo wa 1535, siku moja kabla ya Pasaka, yule Peter akiwa mezani nyumbani kwa mkwewe, mume wa binti yake, alimchoma kisu yule mkwe akafa. Luther na wengine wakamwombea asiuawe, akafukuzwa mji, akaishi uhamishoni. Yaani mtu aliyeandikiwa maneno mazuri vile kuhusu sala! Nimelifikiria sana hilo. Simhukumu, ila tangu nilijue sijawahi tena kusema mtu akishajua njia ya kusali basi amepona, kila siku tunaanza upya.

"Mama, kwenye kifodi cha kwenda chuo kuna stika ya Yeremia 29:11. Nikaishika kama ahadi yangu ya mtihani, nikafunga, nikafeli masomo mawili. Mungu hakusema anatuwazia mema? Mwanafunzi, Arusha."

Pole sana mwanangu, na usiache kuuliza.

Ile ni barua. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, na mstari wa juu yake, wa 10, ambao haukuingia kwenye stika, unasema miaka 70. Wengi waliosomewa ile barua walizeeka na kufa hukohuko. Sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania aliyewaambia miaka miwili tu mtarudi, watu wakampenda, na alikuwa mwongo. Mungu anawaambia nini wafanye wakati wanangoja? Jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, uombeeni mji mliopo upate amani. Kwa hiyo mawazo ya amani yapo, na ni yako pia ndani ya Kristo, ila hayakuwa tiketi ya ule mtihani. Bustani yako kwa sasa ni hayo masomo mawili. Kaulize tarehe za kurudia mtihani wiki hii, tafuta aliyefaulu akufundishe, na jioni soma sura yote ya 29 kwa mkupuo uone ilivyo na uzito zaidi ya stika.

"Tumsifu Yesu Kristo. Mama, mimi ni mtu wa Kibosho, nafanya kazi Arusha. Mdogo wangu amesogeza masale, ile mimea ya mpaka, kwenye kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, hatua mbili upande wangu. Krismasi ya tatu hii tunapanda nyumbani na hatusalimiani, watoto wetu wanaangaliana tu kwenye ua. Nasoma Neno kila asubuhi lakini zile sehemu za kusamehe nazipita haraka, nakiri. Nianzie wapi?"

Milele amina kaka yangu. Hilo la kusema unazipita haraka limenigusa kuliko hata hizo hatua mbili.

Haki ya mpaka Biblia inaijua. Kumbukumbu 19:14 inakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani, na sura ya 27 imemwekea laana mwenye kufanya hivyo. Kwa hiyo nduguyo kama kweli amesogeza amekosa, na mimi sitakuambia umsamehe kwa kujifanya hakuna kilichotokea. Kusamehe hakuzuii kuita wazee wa ukoo wapime kwa hatua, na ikishindikana kuna baraza la ardhi la kijiji, kazi yake ni kusuluhisha. Hayo yapo na ni halali.

Ila soma Mathayo 5:23 polepole. Yesu hasemi ukikumbuka wewe una neno juu ya ndugu yako. Anasema ukikumbuka "ndugu yako ana neno juu yako", ndipo uache sadaka mbele ya madhabahu uende. Yaani badala ya kuuliza yeye kanikosea nini, uulize yeye ananidai nini. Sijui, wewe ndo unajua. Nani alimuuguza baba miaka ya mwisho wakati wewe uko Arusha? Nani anakata majani, nani alifukia makaburi na kupalilia? Nimeona nyumba nyingi huku mlimani ambapo hatua mbili za shamba zilikuwa ni deni la shukrani ambayo haikuwahi kusemwa. Labda kwenu sio hivyo. Ila ulizia moyo wako kabla hujapanda.

Na kuna jambo Mchaga yeyote analijua, masale hayohayo yaliyopandwa mpakani ndo hayohayo mtu anachuma jani akaenda nalo kuomba msamaha. Nilikuwa na miaka kama tisa hivi, baba yangu na shemeji yake walikuwa hawaongei kwa ajili ya ndama, siku moja alfajiri yule mjomba akaingia uani na jani la isale amelishika kwa mikono miwili, limefungwa fundo, bado lina umande. Hakusema kitu. Baba alikuwa anakunywa kahawa, akaweka kikombe chini, akasimama, na niliona mikono ya baba inatetemeka wakati analipokea. Mama akaenda kuwasha moto wa mtori. Kuna wapendwa wataniambia hiyo ni mila tuiache, mimi naona jani halina nguvu yoyote ndani yake, nguvu ni ya yule aliyetusamehe kwanza, lakini ni lugha ambayo nduguyo ataielewa kabla hujafungua mdomo, na injili haijawahi kukataa kuongea lugha ya watu.

Kwa hiyo usingoje chakula cha Krismasi, usiseme hayo mambo mezani penye mbege na mashemeji wote wanasikiliza, hapo kila mtu ana hoja na hakuna aliye na sikio. Panda siku mbili kabla. Nenda asubuhi, peke yako, kabla hajatoka kwenda bandani. Usianze na mpaka, muulize hali yake, ng'ombe wake, yule mtoto wake aliyemaliza darasa la saba. Mwambie lile unalolijua kuwa anakudai. La hatua mbili liache mpaka wazee waje, hata kama ni baada ya mwaka mpya. Jani chuma hapohapo mpakani, kwenye hayohayo masale aliyoyasogeza.

Ukikuta mlango umefungwa liweke kizingitini, kesho yake alfajiri rudi.